Unatumia dawa za hospitali na umeitwa kupimwa kabla ya kuajiriwa: fanya hivi

Umefaulu usaili. Umeambiwa kazi ni yako iwapo kipimo cha dawa za kulevya kitatoka safi. Nyumbani una kodeini uliyoandikiwa baada ya upasuaji, au fenobabitoni unayomeza kila usiku kwa ajili ya kifafa. Hapo wengi hufanya moja kati ya mawili: hunyamaza na kumwachia Mungu, au huacha dawa siku chache kabla ya kipimo. La kwanza linaweza kukukosesha kazi. La pili linaweza kukuua.

Mashine ya maabara haijui nani ana cheti cha daktari na nani kanunua kichochoroni. Inasoma kemikali tu. Tofauti hiyo huonyeshwa na binadamu, kwa karatasi, na karatasi hiyo haina budi kumfikia mtu anayepaswa kuiona kabla muda haujapita. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu hilo.

Maelezo haya ni ya mtu anayetumia dawa aliyoandikiwa yeye mwenyewe, kwa dozi aliyoelekezwa. Aliyekunywa vidonge vya mume, mke au rafiki yuko kwenye hali nyingine, nayo nimeigusa kwenye hatua ya tatu.

Kwanza, kinachotokea maabara

Kipimo kilichofanywa ipasavyo kina ngazi mbili. Ya kwanza ni ya haraka na ya bei nafuu: kingamwili zilizotengenezwa kukamata kundi fulani la dawa huwekwa kwenye mkojo. Shida yake ni kwamba hukamata pia vitu vyenye umbo linalofanana na dawa hiyo, kama mlinzi anayemzuia kila mwenye koti jeusi kwa kuwa mwizi alivaa koti jeusi. Ngazi ya pili hufanywa kwa sampuli zilizonaswa tu. Mashine hutenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Hapo kufanana kwa juujuu hakudanganyi tena.

Kila kemikali ina kiwango cha kikomo, na chini yake jibu huandikwa hasi hata kama kuna chembe kidogo. Katika vipimo vya mkojo vya serikali kuu ya Marekani, ambavyo maabara nyingi huvitazama kama mfano, kikomo cha amfetamini (dawa ya kuchangamsha mwili) kwenye ngazi ya kwanza ni nanogramu 500 kwa mililita, na 250 kwenye uthibitisho. Cha mofini na kodeini kwenye ngazi ya kwanza ni 2,000. Zamani kilikuwa 300. Kilipandishwa mwaka 1998, kwa sababu watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni, na wagonjwa waliotumia kodeini kihalali walikuwa wakinaswa kwa wingi kupita kiasi.

Hatua ya 1: Andika kila unachokunywa, kunusa, kupaka au kuchomwa

Usitegemee kumbukumbu. Chukua pakiti na chupa, ziweke mezani, uandike jina la dawa yenyewe (si jina la biashara pekee), nguvu yake, dozi, tarehe uliyoanza, siku ya mwisho kuitumia na aliyekuandikia. Rudi nyuma mwezi mzima. Weka dawa ya kikohozi, ya mafua, ya kuzuia kutapika, bandika za maumivu, na sindano uliyochomwa hospitali wiki iliyopita. Weka na mafuta ya bangi yanayouzwa kama dawa ya usingizi au maungio: mengi huwa na kiasi cha kilevi chenyewe hata kama lebo inasema hayana. Kwenye vipimo vya madereva na marubani vya Marekani, hoja ya kwamba ulitumia mafuta hayo, au bangi uliyoruhusiwa na daktari, haikubaliki kabisa.

Hatua ya 2: Jua dawa yako iko kundi gani

Hapa mfamasia atakusaidia kuliko mtu yeyote. Mpelekee orodha yako na umuulize wazi.

Kundi la kwanza ni dawa zinazotafutwa na kipimo chenyewe. Hizi zitaonekana hata kwenye uthibitisho, kwa sababu kweli zipo mwilini. Kodeini ni mojawapo, na mwili huigeuza sehemu kuwa mofini, kwa hiyo ripoti inaweza kutaja zote mbili. Diazepamu huvunjika kuwa nordiazepamu, temazepamu na oksazepamu, hivyo usishtuke ukisomewa majina matatu ambayo hujawahi kuyaona kwenye pakiti. Lisideksamfetamini, inayotolewa kwa wenye shida ya umakini, hugeuka kuwa amfetamini. Fenobabitoni ya kifafa huingia kundi la babitureti. Methadoni na buprenofini, hata zinapotolewa kliniki kama tiba ya uraibu wa heroini, zitaonekana pale zinapopimwa. Selegilini ya ugonjwa wa Parkinson inashangaza zaidi: huacha mwilini metamfetamini ya aina ya kushoto, ambayo maabara inaweza kuitofautisha na ile ya mitaani ikiombwa kufanya kipimo cha ziada.

Methilifenidati hutibu ugonjwa uleule unaotibiwa na amfetamini, lakini haigeuki kuwa amfetamini, na kipimo cha kawaida cha amfetamini hakiilengi.

Kundi la pili ni dawa zisizo na hatia ambazo zimewahi kuipotosha ngazi ya kwanza. Efavirenzi ya virusi vya UKIMWI imewahi kuonekana kama bangi au kama dawa za kundi la diazepamu. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na levofloksasini na ofloksasini, zimeonekana kama afyuni. Prometazini, labetaloli ya presha na pseudoefedrini ya mafua zimeonekana kama amfetamini. Setralini imesomeka kama kundi la diazepamu, kwetiapini kama methadoni. Inategemea kifaa kilichotumika, na kipimo cha uthibitisho huzisafisha zote hizi. Ila angalia efavirenzi na rifampisini: ukimwambia ofisa ajira kwamba unatumia efavirenzi au rifampisini, umemwambia ugonjwa wako. Ndiyo maana hatua ya nne ina uzito kuliko inavyoonekana.

Dawa nyingine nyingi, za kisukari, za vidonda, viuavijasumu vya kawaida, hazina neno. Ganzi ya daktari wa meno pia haikupi jibu la kokeini, kwa kuwa kipimo hicho hutafuta mabaki ya kokeini yenyewe baada ya kuvunjwa mwilini, na lignokeini haina mabaki hayo.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi kabla hujaulizwa

Kinachokubalika ni cheti cha dawa au kadi ya kliniki yenye jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la dawa, dozi, tarehe, na jina la daktari au muhuri wa kituo. Ongeza lebo ya duka la dawa na risiti. Piga picha zote uziweke kwenye simu, na nakala ya karatasi uiweke pembeni. Kama kwenye kitambulisho unatumia jina la ndoa na hospitali unatumia la ukoo, lishughulikie sasa.

Mtego mkubwa ni dawa iliyobaki. Uliandikiwa kodeini miaka miwili iliyopita, ukabakiza vidonge sita, na juzi mgongo ulipouma ukameza viwili. Kuna wahakiki (madaktari wanaopitia majibu ya maabara) watakaokubali cheti cha zamani na kuna watakaokikataa, kwa hiyo rudi kwa daktari wako kama maumivu yamerudi. Vidonge vya mtu mwingine ni jambo jingine kabisa. Hata kama mna ugonjwa uleule, cheti chake hakikufuniki wewe, na kuazima cheti baada ya kunaswa ni udanganyifu.

Karatasi na ripoti lazima zikubaliane. Mwenye cheti cha kodeini akikutwa na oksikodoni, dawa nyingine ya maumivu, cheti hakimsaidii, maana mwili haugeuzi ya kwanza kuwa ya pili.

Kisha omba barua ya daktari wako. Madaktari wakiachiwa huandika historia nzima ya ugonjwa chini ya kichwa cha "Kwa yeyote anayehusika". Mwombe asifanye hivyo. Barua inayotosha ni fupi:

"Nathibitisha kwamba (jina kamili, namba ya kitambulisho) ni mgonjwa ninayemhudumia. Tangu (tarehe) nimemwandikia (dawa, nguvu, dozi). Akiitumia kama alivyoelekezwa, kwa maoni yangu anaweza kufanya kazi ya (taja kazi) kwa usalama. Daktari wa mwajiri anaweza kuwasiliana nami kwa maelezo zaidi, kwa idhini ya mgonjwa."

Ugonjwa haukutajwa popote, na barua imejibu maswali mawili tu ambayo mhakiki anahitaji kuyajua.

Hatua ya 4: Uliza mapema, lakini usimweleze asiyehusika

Maswali unayoweza kumuuliza ofisa ajira bila kufichua chochote ni haya: Sampuli ni mkojo, mate, damu au nywele? Mnapima makundi gani? Kipimo cha awali kikiwa chanya, kinathibitishwa maabara? Nani anapitia majibu kabla hayajafika kwenu? Andika kwa barua pepe ili majibu yabaki kwenye maandishi.

Jibu la makundi lina maana kubwa. Kipimo cha serikali kuu ya Marekani kinahusu bangi, kokeini, amfetamini, afyuni na jamii yake (kodeini imo humo), na fensaiklidini, dawa inayoleta njozi. Diazepamu na fenobabitoni hazimo. Waajiri wengine huagiza kipimo kipana zaidi kinachoongeza babitureti, methadoni na kundi la diazepamu.

Swali la mwisho ndilo la kulishikilia. Penye utaratibu mzuri kuna daktari anayesimama kati ya maabara na mwajiri. Nitamwita daktari mhakiki. Kazi yake ni kukupigia, kusikiliza, kukagua cheti, kisha kumwandikia mwajiri neno moja. Cheti chako akikikubali, mwajiri huandikiwa "hasi". Huyo ndiye wa kumweleza dawa zako. Ofisa ajira, msimamizi wa zamu na katibu wa ofisi hawahitaji kujua. Ukibanwa, sema hivi: "Nina nyaraka za matibabu, nitazikabidhi kwa daktari atakayepitia majibu." Inatosha, wala usijazie.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani, kwa mfano, mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kumuuliza mwombaji kuhusu dawa anazotumia kabla ya kumpa kazi kwa masharti. Akishatoa ahadi hiyo anaweza kuuliza, mradi awaulize wote wanaoingia kazi ya aina hiyo. Soma sheria ya kazi na ya faragha ya mahali unapoomba kabla ya kujaza fomu inayotaka uorodheshe magonjwa.

Hatua ya 5: Endelea na dawa yako

Fenobabitoni na dawa za kundi la diazepamu zikikatwa ghafla huweza kuleta degedege kwa mtu aliyezizoea, hata asiye na kifafa. Labetaloli ikikatwa ghafla inaweza kurusha mapigo ya moyo na presha. Na pamoja na hatari hiyo, huenda usiambulie kitu: diazepamu inaweza kuonekana kwenye mkojo siku kumi au zaidi, na kwa aliyeitumia muda mrefu hata mwezi. Fenobabitoni huweza kukaa wiki kadhaa. Nywele husimulia miezi mitatu. Kodeini hutoka haraka, kwa kawaida siku mbili au tatu, lakini kama una cheti, ya nini kuikimbia?

Usinywe madumu ya maji pia. Maabara hupima kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, na ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita huku uzito wa mkojo nao ukiwa mdogo, sampuli huandikwa kuwa imezimuliwa. Unaweza kurudishwa kupimwa tena, safari hii ukitazamwa kwa jicho jingine. Kunywa kama siku zote.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Nenda na kitambulisho. Utaachishwa koti na mkoba nje, utanawa mikono, utapewa kikombe. Maji ya choo huwa yametiwa rangi, kwa kawaida ya bluu, ili mtu asiyachote. Ukitoka, mpokeaji atatazama ukanda wa joto ubavuni mwa kikombe: kwa kanuni za Marekani mkojo uwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi, ukisomwa ndani ya dakika 4. Kiasi kinachotakiwa ni mililita 45, ambapo 30 huingia chupa ya kwanza na 15 ya pili. Chupa hiyo ya pili ndiyo akiba yako. Baki pale mpaka uone zote mbili zikizibwa na kubandikwa lakiri mbele yako, ndipo uweke herufi za jina lako juu ya lakiri na sahihi kwenye fomu. Linganisha namba ya lakiri na ya fomu. Mpokeaji mwenye haraka atakuambia "weka sahihi tu, nitamalizia". Subiri amalize.

Mkojo ukigoma, sema. Kanuni hizohizo hutoa hadi saa tatu na maji yasiyozidi lita 1.2 hivi. Kuondoka bila kutoa sampuli huhesabiwa kuwa umekataa kipimo.

Usiandike dawa zako kwenye nakala itakayokwenda kwa mwajiri au maabara. Ukitaka kumbukumbu, ziandike nyuma ya nakala yako mwenyewe.

Hatua ya 7: Simu ikiita, pokea

Siku zinazofuata usipuuze namba ngeni. Chini ya kanuni za usafirishaji za Marekani, mwajiri akishakuambia umpigie mhakiki na saa 72 zikapita kimya, mhakiki anaweza kuthibitisha majibu kuwa chanya bila kukusikia. Kama una shaka na anayepiga, kata kwa adabu upige mwenyewe kwa namba iliyo kwenye fomu yako.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

"Maabara imekuta nordiazepamu na oksazepamu. Unatumia dawa gani?"

"Natumia diazepamu, daktari. Miligramu tano usiku, kwa ajili ya misuli kukaza. Nimeandikiwa na kliniki yangu tangu mwaka jana."

"Mara ya mwisho umemeza lini?"

"Usiku wa kuamkia siku ya kipimo. Cheti na lebo ninavyo hapa, nivitume wapi?"

Anayejibu hivi amemaliza kazi yake. Hakuomba radhi, hakusimulia ajali iliyomwumiza misuli, hakulalamikia maabara. Mhakiki atapiga duka la dawa au kliniki kuhakikisha. Kama nyaraka hazipo mkononi, omba muda; kanuni nilizozitaja humruhusu mhakiki kukuongezea hadi siku tano.

Ukiamini maabara imekosea, omba chupa ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine. Kwa Marekani ombi hilo lina saa 72 tangu uambiwe majibu. Lakini kumbuka chupa ya pili hujibu kama kemikali ipo au haipo, basi. Kama diazepamu ulimeza kweli, itaonekana tena. Hapo shughulikia cheti.

Pasipo na mhakiki

Waajiri wengi wadogo hutumia kikombe chenye mistari kinachojibu baada ya dakika tano, na hapo ndipo wasio na kosa wengi huangukia. Mstari ukionyesha chanya, usigombane na muuguzi. Sema: "Naomba sampuli hiihii ipelekwe maabara kwa kipimo cha uthibitisho, na ombi langu liandikwe kwenye fomu." Ikiwezekana toa karatasi zako ndani ya bahasha iliyofungwa, iandikwe kwa daktari wa kituo hicho. Omba nakala ya jibu. Kama mwajiri hataki uthibitisho, mwandikie siku hiyohiyo kwamba una dawa halali na uko tayari kugharimia kipimo cha maabara. Ofisi ya kazi au wakili ataanzia kwenye maandishi hayo.

Kama kazi ni ya usukani, mitambo au urefu

Hapa cheti halali kinaweza kukubaliwa na bado ukaambiwa usubiri. Mhakiki akiona dawa inayoleta usingizi kwa mtu atakayeendesha lori, anaweza kumtaarifu mwajiri juu ya usalama hata kama kipimo amekiandika hasi. Mara nyingi ana haki, na mimi siwezi kumlaumu. Katika utaratibu wa Marekani hukupa kwanza hadi siku tano za kazi ili daktari wako azungumze naye, kama dawa inaweza kubadilishwa au dozi kupangwa upya.

Mazungumzo hayo na daktari wako yafanye wakati unaanza kuomba kazi za aina hiyo, bila kungoja tarehe ya kipimo. Muulize kama kuna dawa isiyosinzisha inayokufaa, kama dozi ya usiku inakuwa imeisha nguvu asubuhi, na mtumie maelezo ya kazi yenyewe: saa za zamu, aina ya gari, kama utakuwa peke yako. Kubadili dawa ya kifafa au ya maumivu makali huchukua wiki kadhaa za kupunguza moja na kupandisha nyingine, na wiki hizo hazipatikani kati ya barua ya kazi na kikombe cha mkojo.